Rufaa Sitini

Tarehe 3 Februari

Mwanangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Mimi mzima. Masikio yangu kiwanda cha nguo kilishayachukua na hayarudi; nasoma midomo ya watu, na simu haina midomo, kwa hiyo acha kunipigia. Juzi ulipiga, nikaiona inatetemeka mezani kama ina homa, nikaitazama mpaka ikapona. Ukiwa na neno, andika.

Sasa kaa chini kwanza. Wanabomoa. Majengo yote matatu, milango yote mia na ishirini, halafu wanajenga mtaa mpya wa watu wa kila kipato. Walituita uwanjani, wakaweka mezani mtaa mdogo wa maboksi, una miti ya sifongo na vijitu vya plastiki vinavyotembea na mbwa. Nimevikagua kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja kilichobeba ndoo. Nimekaa hapa miaka thelathini na moja, nimemzika baba yako nikitokea hapa, na wao wamemaliza maelezo yao kwa dakika ishirini na biskuti. Nilirudi ndani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Sikuweza hata kulia.

Wanasema kila mkazi halali atapewa nyumba mpya hapo hapo, ngazi moja na hao wanaonunua kwa fedha nyingi. Basi juzi alikuja kijana wa uhakiki na kishikwambi chake, mpole, akaomba maji. Jina, kitambulisho, mlango. Nikamwambia mlango wa tatu, akaandika wa tatu. Hati yangu ya nyumba akaipiga picha. Kinyozi naye kapigwa picha kule ghorofa ya nne, kwenye nyumba yetu ya zamani. Tangu tupokezane funguo, mimi nikashuka na magoti yangu na yeye akapanda na watoto wake wanne, hajaacha kunishukuru. Si unajua desturi ya hapa: magoti yakichoka unashuka, watoto wakiongezeka unapanda, na ofisi haina habari.

Niambie wewe uliye ndani ya ofisi ya mradi: watatupa kweli, au wanatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa?

Mama yako


Tarehe 17 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti, na mwenzangu aliyekuwa anapita mlangoni amenitazama kama nimerukwa na akili.

Mama, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Watawapa. Nimeziona ramani za nyumba mpya za maeneo yote kwa macho yangu. Nimegombana kwenye vikao viwili ili mlango wa kuingilia uwe mmoja kwa wote, mwenye kununua na mwenye kurudi, na wamekubali. Wewe tunza hati yako tu.

Nina habari nzuri nilitaka uwe wa kwanza kuijua. Unakumbuka nilikwambia tunapewa maeneo kwa namba, bila majina ya watu wala ya mtaa, ili mtu asipendelee ndugu zake? Basi kwenye maeneo ya kwanza walijitokeza wajanja waliohamia kwenye vyumba vya watu wiki moja kabla ya uhakiki ili wapate nyumba. Nikatunga kanuni. Kama hati inasema mlango huu na mhakiki amemkuta mtu mlango ule, anafutwa. Kompyuta inafanya kwa mpigo mmoja, hakuna kumwonea mtu aibu. Eneo la Saba peke yake limetoa kaya sitini na moja. Sitini na moja, mama! Hata mimi macho yalinitoka pima, kumbe watu ni waongo kiasi hiki.

Mkuu wa mradi alinisimamisha mbele ya watu wote, wakanipigia makofi. Tangu Jumatatu mimi ni mkuu wa kitengo. Nina chumba changu chenye dirisha.

Mwanao anayejivuna kidogo


Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Hongera. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa kwenye ngazi, maana ndipo palipokuwa na mwanga.

Majina yamebandikwa ukutani tangu tarehe mosi. Kulikuwa na msongamano, wengine walilia, unajua watu. Mambo yetu sisi ni shwari. Usinitie presha wala mimi sitakutia.

Kuna jirani mmoja amefutwa na ananisumbua nimuulizie. Je, mtu akifutwa anasikilizwa wapi, na kwa muda gani? Pia kwenye fomu kuna kipengele cha tisa, kinauliza kama una ndugu anayefanya kazi kwenye mradi. Yeye ana ndugu yake huko, sijui ni mfagizi sijui ni nani. Anaogopa kumponza. Nieleze vizuri, pole pole, jinsi ilivyo hasa.

Na hicho chumba chako, dirisha linatazama nini?

Mama yako


Tarehe 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Dirisha linatazama maegesho ya magari na mti mmoja. Nimelipenda hivyo hivyo.

Mwambie jirani rufaa ni siku thelathini tangu majina kubandikwa, mwisho tarehe 31 Machi, na baada ya hapo hata aje na malaika hapokelewi. Aandike historia ya chumba, apate mashahidi wawili. Kuhusu kipengele cha tisa, hapo awe mwangalifu. Rufaa zinasomwa zikiwa na majina, ndiyo maana wanauliza. Akimtaja ndugu yake, faili linakwenda kwa wachunguzi na huyo ndugu anasimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Akinyamaza na ikagundulika, ndugu anafukuzwa moja kwa moja. Mwaka jana mwenzetu wa masjala aliondoka hivyo kwa sababu ya shangazi yake. Alikuwa mtu mzuri, alifungasha vitu vyake kwenye mfuko wa sukari.

Lakini mama, usijichoshe na watu waliofutwa. Wengi wao wanajua walichofanya.

Umeshachagua rangi ya kuta? Wanaorudi wanaruhusiwa kuchagua.

Mwanao


Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Barua fupi, mkono unaniuma. Siku hizi naandikia watu, kutwa kucha nimeinama. Nani alijua kwamba lile darasa la jioni la kiwandani lingenifanya karani wa mtaa mzima.

Rangi nimechagua ya maziwa.

Kula vizuri. Ukiwa mkuu wa kitu usile umesimama.

Mama yako


Tarehe 6 Aprili

Mama,

Sijui nianzie wapi. Utaniwia radhi kwa mwandiko.

Leo asubuhi wameniletea bunda la rufaa za Eneo la Saba. Nimefungua bahasha ya kwanza nikaona herufi zako. Ile z yako yenye mkia. Nikadhani nimeota. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote ni zako. Mlango wa kumi na mbili, muuguzi alipanda juu alipojifungua mapacha. Mlango wa ishirini na tisa, mwalimu mstaafu alishuka baada ya kuanguka ngazini akiwa na kapu la mayai. Umeandika mpaka mayai yalikuwa mangapi. Umeandika nani alimpokea nani, mwezi gani, nani alibeba kabati. Mama, Eneo la Saba ni nyumbani.

Mwenzangu amenimiminia maji ya kunywa kwenye glasi, nayo nimeishika tu. Ni mimi. Nimewafuta majirani zangu mwenyewe kwa mpigo mmoja, watu walionilea, halafu nikapigiwa makofi. Na nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniua. Tulipopokezana na kinyozi ni mimi niliyebeba godoro lako kichwani kutoka ghorofa ya nne, nikapumzika mara mbili njiani. Katika jengo zima la ofisi hii ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kwetu mtu na mlango wa hati yake hawakai pamoja. Sikuwaza. Nilikuwa nimeangalia namba.

Nimezihesabu rufaa. Ni sitini. Nilifuta sitini na moja. Nikafungua orodha, nikatafuta: hati mlango wa thelathini na nne, amekutwa mlango wa tatu. Umefutwa, mama. Umefutwa tangu Februari, na rufaa yako haimo, na siku ya mwisho imepita. Ulinitajia rangi ya ukuta wa nyumba ambayo hukupewa.

Kwa nini? Nijibu haraka. Nitaenda mwenyewe kwa mkuu wa mradi.

Mwanao


Tarehe 8 Aprili

Dada yetu,

Habari za huko. Ni mimi kinyozi wa ghorofa ya nne, nilikuwa nakunyoa ulipokuwa na chawa, samahani kwa kukukumbusha.

Tumerudishwa! Sote sitini, tumeletewa habari jana. Mke wangu amecheka mpaka amekaa chini. Nyumba nzima hapa inakutaja wewe, maana sahihi yako ipo kwenye kila barua, tumeionyeshana kama picha ya harusi. Tulikuwa tumeshakata tamaa. Mama yako alituandikia mmoja mmoja, akatuuliza maswali mpaka mengine ya aibu, na kila tukimuuliza ya kwake anasema yake uliishughulikia wewe kimya kimya. Kusema ukweli wapo walionuna kidogo, wakasema ndiyo raha ya kuwa na mtoto ofisini. Leo wote wamenyamaza.

Sasa tunakuomba neno moja. Mama yako amepewa ghorofa ya ngapi? Tunataka tuombe tuwe naye karibu, na yeye akiulizwa anasema hakumbuki.

Jirani yenu, kinyozi


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Kaa kimya. Hilo ndilo la kwanza na ndilo la mwisho, lakini kwa kuwa nakujua, nitaeleza.

Barua yako ya sifa na karatasi ya ukutani vilinifikia wiki moja. Nilisimama pale ukutani nikatafuta mlango wetu, sikuuona. Nikahesabu waliokosekana, sitini na mmoja. Nikaenda ngazini na barua yako nikaisoma tena: sitini na moja. Mwanangu, nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya baridi nikiwa nimelala. Nilikaa pale mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia magoti.

Halafu nikafikiria. Majirani wanaweza kukata rufaa, hawana ndugu huko, hakuna atakayeumia. Mimi nikikata, nakutaja. Nisipokutaja nimedanganya, na wewe unafukuzwa na mfuko wa sukari. Ulieleza mwenyewe, vizuri sana, nikuulize nini tena? Basi nikapiga moyo konde, nikaandika sitini nikaacha moja.

Kiwandani nilifanya kazi miaka ishirini na sita. Siku naondoka walinipa fulana na kunionyesha geti. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi, na hata wangepiga nisingeyasikia. Wewe umepigiwa. Chumba nitapata popote, mtu mzima mmoja na sufuria mbili.

Usiende kwa mkubwa wako. Nakuomba kama mama na nakuamuru kama mama, chagua lipi linakufaa.

Mama yako


Tarehe 13 Aprili

Mama,

Sijapata jibu lako, nikaona siwezi kusubiri. Barua inachukua siku tano, na kila siku nilipoingia kwenye chumba kile niliona kama nimeingia kwa mtu.

Nilianza na majirani. Siku ile ile niligonga mhuri rufaa zote sitini, nikatia sahihi, nikazipeleka zikatolewa majibu, ili lolote litakalonipata lisiwapate wao. Halafu nikaandika ya sitini na moja kwa mkono wangu. Kipengele cha tisa nikajaza: binti yake, ndiye aliyemfuta. Nikaipeleka kwa mkuu wa mradi.

Aliisoma amesimama. Akaketi. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia kila kitu, desturi ya kupokezana, kanuni yangu, wewe. Alishika kichwa, akasema katika kazi yake yote hajaona jambo kama hili. Kisha akanyoosha mkono nimpe kitambulisho changu cha mlangoni. Nimesimamishwa mpaka kamati ikae.

Sijutii. Rufaa yako haijachelewa hata wiki mbili, hawawezi kuwa na roho mbaya kiasi cha kuikataa kwa siku hizo. Utapata nyumba yako, mama.

Mwanao


Tarehe 19 Aprili

Mwanangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ilikuwa inasema kaa kimya, yako ilikuwa inasema nimeshasema.

Nimeisoma yako nikaiweka mezani, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena kama vile maneno yangebadilika. Mimi nimeacha nyumba ili wewe ubaki na kazi. Wewe umeacha kazi ili mimi nibaki na nyumba. Sote wawili tuna akili timamu, tumesoma, na tumefanya hivi. Nimekukasirikia hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu ulipokata pazia ukashona mkoba. Nilikupa kitu, hukuniuliza, ukakitupa.

Na ninajua unachotaka kusema, kwamba hata mimi sikukuuliza. Basi usiseme.

Hapa wanajiandaa kuhama tarehe 15 Mei, wale sitini wanapelekwa nyumba za muda. Wanakupangia chakula cha shukrani siku utakayokuja. Muuguzi ameshanunua kitambaa cha meza. Kila mtu ananishika mkono akiniambia nimezaa. Naitikia asante. Sijawaambia ni nani aliyewafuta. Sijui kama wewe umeshafikiria hilo, mimi silali kwa ajili yake.

Mama yako


Tarehe 9 Mei

Mama,

Shikamoo. Kamati imekaa. Nakunakilia maneno yao, maana nikiyasema mimi utadhani nimeyatunga.

“Mwombaji aliandika kwa mkono wake rufaa sitini za watu wengine, zote ndani ya muda. Kwa hiyo hakuna kilichomzuia kuandika ya kwake. Rufaa imekataliwa.”

Niliisoma nimesimama ukumbini, nikamuuliza karani kama ukurasa wa pili upo. Akasema ndiyo huo. Mama, wamechukua kazi uliyowafanyia watu mpaka mkono ukauma, wakaigeuza ushahidi dhidi yako. Na nyumba yako imeingizwa kwenye fungu la kuuzwa, nimeona namba yake. Ina roshani. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi, watu wakinipita.

Rufaa za majirani wamezisoma upya zote sitini, hakuna iliyopatikana na kasoro. Zimesimama. Mimi nimefukuzwa, kwa kupitisha karatasi zenye mwandiko wa mama yangu bila kusema kwanza. Wana haki, hapo sibishi. Natafuta kwanza kazi nyingine ndipo nije, nije na uso. Kanuni yangu wameifuta pia, kwa maeneo yote.

Nimetia humu barua ya pili, iko wazi, isome. Ni ya majirani. Nimewaandikia kwamba ni mimi niliyewafuta, kwa nini, na jinsi nilivyojivuna. Nimewaambia pia habari ya nyumba yako. Mpe kinyozi aisome ngazini kabla hawajatawanyika tarehe 15. Siwezi kula chakula kile, mama. Najua kinakuhusu wewe pia, wewe ndiye utakayebaki ukitazamana nao. Kama unaona nisiseme, ichane. Safari hii nakuuliza kwanza.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Umeniuliza, nikakaa na barua yako siku nzima, na sikuichana.

Kinyozi aliisoma Jumapili asubuhi. Watu walijaa ngazini kutoka chini mpaka ghorofa ya pili, mizigo imeshafungwa, wengine wamekalia magodoro. Mimi sikusikia neno, nilikuwa nawatazama nyuso. Kwanza walikuwa wanatabasamu, walidhani ni salamu. Nikaona tabasamu linaondoka safu kwa safu, kuanzia walio karibu naye. Akamaliza. Muuguzi alikuwa ameshika kile kitambaa cha meza, akaanza kukikunja, akakikunja mpaka kikawa kidogo kama leso.

Mwalimu mstaafu akanijia, akaniandikia kwenye kiganja kwa kidole, kama anavyofanya akitaka nielewe vizuri: ulijua? Nikasema nilijua tangu siku ya kwanza. Nilitaka niwe nimesema yote. Mwanangu, wewe walishaanza kukusamehe pale pale, niliona, vijana hukosea. Ni mimi waliyeshindwa kunitazama. Nilikaa nao meza moja mwezi mzima nikiwauliza waliangukaje, walizaa lini, huku najua ni mkono wa mwanangu. Walibeba mizigo yao wakatoka. Wengine waliniaga kwa kichwa, wengine hawakuniaga. Ilinishtua kuliko karatasi ya ukutani. Nilidhani nimepoteza chumba tu.

Kinyozi alirudi kunibebea sanduku. Alilibeba mpaka huku nilipo sasa. Juzi kaja tena, kaniletea barua ya muuguzi. Ameandika mistari miwili: ana hasira, na magoti yangu niyapake dawa aliyoniachia. Mwalimu bado.

Jengo letu walilianza jana. Sikwenda kutazama.

Niko chumba cha uani kwa shoga yangu wa kiwandani. Naye hasikii, kwa hiyo tunapigiana kelele kutwa na hakuna anayelalamika. Maelekezo nimeyaandika nyuma ya bahasha. Unanieleza eti unatafuta kwanza kazi ndipo uje, uje na uso. Uso upi? Ule ule ndio ninaoutaka. Bado nina hasira na wewe na nitakuwa nayo utakapofika, hilo usiliogope, nayo itaisha tukiwa wote. Nimekukumbuka mpaka naumwa.

Njoo Jumamosi. Kitanda ni kimoja na ni chembamba. Tutalala mzungu wa nne, na ukinipiga teke nitakurudishia.

Mama yako